Risasi Nne, Bi Ermeline Alisema

Wasikilizaji wapendwa, leo msitegemee sauti ya upole. Juzi tulimzika Bi Ermeline Donnay, mbeba bastola wa mji wetu wa Herstal, akiwa na miaka sabini na minne. Nasema tena: Ermeline Donnay, mbeba bastola. Nimetoka makaburini na hasira, na hasira hiyo nimekuja nayo hapa.

Wazee mnaikumbuka kazi ile. Bastola ndogo za mfukoni zilitengenezwa majumbani. Huyu alichonga mtutu, yule nyundo ya kufyatulia, jirani akapiga msasa. Ermeline alibeba vyote kwa kikapu mgongoni, nyumba hadi nyumba. Baba yake, fundi Servais, aliunganisha. Kisha Ermeline akazipeleka kwenye ghala la tajiri aliyeziuza.

Bastola ilikuwa na matundu matano. Servais alisisitiza: weka risasi nne. Nyundo ilalie tundu tupu, maana bastola ikianguka, hujifyatua. Akachapisha vikaratasi vya onyo, kimoja kwa kila sanduku. Mwaka 1888, Ermeline alivikuta vikitumika kuwashia jiko la ghala.

"Bwana, hivyo ni vya baba!"

"We binti," tajiri akasema, "nani anunue ya risasi tano aambiwe aweke nne? Chukua kikapu chako, nenda."

Akaenda. Hakumwambia baba, akihofia tajiri atawanyima kazi.

Jumapili moja, mchumba wake Noël, mwalimu wa shule kijijini, alikuja kuposa. Servais alikuwa hajamwona bado. Njiani mbwa walikuwa wakali, hivyo Noël alijinunulia bastola dukani mjini. Mlangoni akainama kufuta matope viatuni. Bastola ikadondoka kutoka kizibaoni, ikajifyatua. Servais aliyefungua mlango alimkuta amelala kizingitini. Akaifungua silinda: matundu yote matano yalikuwa yamejazwa. Na ubavuni mwa bastola palikuwa na alama yake mwenyewe ya ufundi.

Sasa sikilizeni uongo wa mtu aliyeshiba. Tajiri aliapa mahakamani kwamba onyo limo katika kila sanduku. Ermeline akasimama, akaeleza habari za jiko. Watu wakacheka. "Mbeba kikapu naye shahidi?" Ikaandikwa: *uzembe wa marehemu*. Uzembe! Mtu aliyekuja kuposa!

Mpwa wake, Tatène, ameniambia: "Shangazi alirudi mahakamani kila mwaka, miaka arobaini na sita, kuomba neno lile lifutwe. Mwaka huu karani akamwambia, 'Mama, wenye kesi wote wamekufa.' Akamjibu, 'Mimi je, mwanangu, unaniona mzimu?'"

Halikufutwa. Ermeline amekufa, neno liko palepale.

Tatène, pole sana, wewe na jamaa zako wote. Wasikilizaji, kabla ya kumwita marehemu mzembe, ulizeni nani alinyamazisha onyo. Karani, kama unanisikiliza, kalamu unayo. Usipoandika wewe, nasema mimi mbele ya mji mzima: mwalimu Noël hakuwa mzembe. Hakuambiwa.