Mwalimu Penseli na Mistari Tisa ya Mke wa Jemadari

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa sita mchana, Mwalimu Penseli atarudisha ufunguo wa chumba namba kumi na nne na kustaafu rasmi, baada ya kufundisha tamthilia katika chuo chetu kwa miaka thelathini na mitatu. Ufunguo tuna hakika atarudisha. Penseli alizoazima kwetu tumeshazikatia tamaa.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, naye alipolisikia alilipokea bila kinyongo. Alikuja akiwa mwalimu wa kike, kijana, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, akapewa somo la tamthilia kongwe kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Tulidhani angefundisha kama tulivyofundishwa sisi: shujaa, kosa lake, anguko lake, mtihani. Yeye akawagawia wanafunzi penseli na kuwaamuru wahesabu maneno ya wanawake. Nani anasema, na nani anasemwa? Mama huyu akitoka jukwaani anakwenda wapi, na mbona hakuna anayemuulizia? Vitabuni usomaji huo huitwa uhakiki wa kifeministi. Katika chumba cha walimu tuliuita uchokozi.

Kisha kikaja kiti. Alikiweka mbele ya darasa, na kila kipindi mwanafunzi mmoja alikikalia akiwa ndiye mhusika wa kike. Wenzake wakisoma, yeye alinyamaza mpaka zamu yake ifike, na mwishoni alieleza imekuwaje kukaa pale akisikia anavyosemwa. Siku moja karani wa idara alipita kuchukua daftari la mahudhurio, akakalishwa kwa sababu mwenye zamu alikuwa mgonjwa. Mwisho wa kipindi alisema, kwa upole kabisa, kwamba kazi hiyo ameizoea: kila mkutano wa idara huijadili ofisi yake akiwa palepale anaandika kumbukumbu, na hajawahi kuulizwa neno. Darasa zima lilicheka. Mkuu wa idara, aliyekuwa akipita dirishani, hakucheka, lakini tangu wiki ile karani ana nafasi yake kwenye ajenda.

Nami sikusalimika. Kwa miaka saba nilitunga swali lilelile la mtihani kuhusu tamthilia moja kongwe: eleza jinsi mke wa jemadari alivyomponza mumewe. Mwalimu Penseli alipopewa rasimu aipitie, aliirudisha ikiwa na maneno matatu pembeni: “Ana mistari mingapi?” Nilikasirika, nikaketi kuhesabu ili nimkomeshe. Nilipata mistari tisa katika tamthilia ya kurasa tisini, na katika mitatu kati ya hiyo anauliza kama chakula kiletwe. Jemadari alishindwa vita viwili na kupuuza washauri wanne, mimi nikamtwika lawama mtu aliyekuwa akiulizia chakula. Swali nililibadilisha mwaka uleule. Shukrani imechelewa miaka kumi, na naitoa leo.

Ametuachia mwongozo wa kusoma tamthilia wa kurasa sitini, pamoja na walimu wengi mno, walioko shuleni sasa hivi wakiwachokoza wenzao. Kasoro yake ni kwamba hajui kupumzika. Harusini kwa mpwa wangu, sisi tukishangilia, alininong’oneza kwamba bibi harusi mpaka saa ile ametamka neno moja tu. Nilimsihi ale.

Sasa niungame. Kamati ya sherehe hii ilinipa kazi ya kuandaa ratiba, nikaipanga kwa bidii: wasemaji sita wa kummiminia sifa, kisha yeye apokee zawadi na kupigwa picha. Nilijiona fundi. Juzi asubuhi nilimpelekea nakala ili aangalie kama cheo chake kimeandikwa sawasawa. Ilirudi mezani kwangu kabla ya chai. Pembeni, kwa penseli: “Mhusika mkuu ana mistari mingapi?”

Nilihesabu. Hakuwa na hata mmoja. Mke wa jemadari angalau alikuwa na tisa.

Niliona aibu, na bado ninayo. Miaka thelathini na mitatu ametufundisha jambo hilohilo, nasi tulikuwa tayari kumuaga kwa kumkalisha kimya na kumsema. Kwa hiyo ratiba mliyo nayo mkononi imechapwa upya. Wasemaji wote sita wameachia nafasi zao, wa mwisho akiwa mkuu wa idara, ambaye alikuwa ameshakariri hotuba yake; mimi nimebakiziwa utangulizi huu tu. Kile kiti cha chumba namba kumi na nne kimeletwa ukumbini. Nitakikalia mimi, nikiwa nimefumba mdomo, mpaka amalize.

Asante, dada yetu, kwa penseli na kwa ukali wako. Huko uendako tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na mume mwenye subira ya kuhesabiwa maneno. Tumekusema vya kutosha. Sasa sema wewe.