Nadhira Machano Haji, Aliyesifiwa Utulivu Asiokuwa Nao

Wasifu uliosomwa na binamu yake, Suhaib, siku ya hitma, Makunduchi

Marehemu Nadhira alizaliwa hapa Makunduchi tarehe 14 Machi 1984. Mama yake alifariki yeye hajaacha ziwa, akalelewa na shangazi yake, Bi Mwanakheri, ambaye tunaye hapa leo.

Alisoma mpaka kidato cha pili. Akili alikuwa nayo; tatizo lilikuwa kukaa. Ripoti zake za shule zililiwa na mchwa, na walimu wake wengi wametangulia mbele ya haki.

Mwaka 2005 alihamia mjini Unguja, mtaa wa Ng'ambo, akawa fundi cherehani karibu na Darajani. Gauni la mteja liliweza kukaa mwezi mzima na mkono mmoja, halafu wiki ya kuamkia Sikukuu akawashinda mafundi wote wa mtaa. Mwaka 2012 aliolewa na Ayoub wa Nungwi, mtu wa subira. Siku moja aliteleka chai, akatoka kununua sukari, akarudi magharibi na kitambaa cha mapazia. Birika limeungua, sukari hakuna. Ayoub alicheka. Wengine walimwita mzembe, na neno hilo lilimliza.

Mwaka 2023 alimsikia daktari redioni akieleza maradhi ya kukosa utulivu na umakini, akaenda hospitali. Akaambiwa dalili ni lazima ziwe zilianza kabla ya miaka kumi na miwili, na ashuhudie mtu aliyemjua akiwa mdogo. Akaitwa Bi Mwanakheri.

“Huyu?” alisema shangazi. “Mtoto katulia huyu, daktari. Ukimweka pahala, unamkuta papo hapo.”

Daktari akafunga faili. Angefanya nini?

“Shangazi,” Nadhira alimwambia walipotoka nje, “si ulikuwa ukinifunga kanga kwenye tendegu la kitanda mpaka nimalize juzuu?”

“Hayo ya ndani, mwanangu. Nikuvue nguo mbele ya mtu baki?”

Alimbembeleza tangu hapo. Shangazi hakurudi kwa daktari.

Presha ilimwanza mwaka jana. Alifariki nyumbani Ng'ambo tarehe 2 Oktoba 2025, bila ya kupata alichokitafuta: mtu mwenye ujuzi amwambie kwamba ule haukuwa uzembe.

Na tangu tumzike, Bi Mwanakheri hana hadithi nyengine. Nadhira wa miaka sita, aliyeacha mbuzi njiani akafuata ngoma. Nadhira wa miaka minane, aliyetoroka chuo cha Kurani kupitia dirishani. Hata wasiomjua marehemu wanahadithiwa. Aliyekosa kuambiwa ni daktari peke yake. Jamani, inaudhi, na sisi tumeudhika.

Ameacha mume, Ayoub. Shangazi, Bi Mwanakheri. Na binti mmoja, Ummy, wa miaka tisa, ambaye sasa hivi alikuwa amekaa hapa mbele, na hivi ninavyosoma hajulikani alipo. Mwezi ujao Ummy ana miadi kwa daktari yuleyule, na shangazi ndiye atakayempeleka. Kwa heshima zote, Bi Mwanakheri: safari hii sema.

Mwenyezi Mungu amsamehe Nadhira, na ampe mapumziko aliyoyakosa duniani. Amin.