Figo za Zege

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, kwa hiyo ujinga wote wa mtaa hupitia masikioni mwangu kwanza. Jana mwenzetu Zege, anayekoroga zege kwenye jengo la ng'ambo ya barabara, alianguka kazini akapelekwa hospitali. Leo asubuhi nyapara wake akatuletea habari: jamaa alikuwa anaharisha, akaficha, akaendelea kupiga kazi juani. Mwili ukakauka, damu haikufika vizuri kwenye figo, na nyama ya figo zenyewe imeanza kuharibika. Kahawa haijapoa, benchi lina madaktari wawili.

— Hilo suala la presha, alisema Bomba, fundi wa mabomba. Presha ikishuka, nyumba ya juu haipati maji. Na figo ziko juu.

— Juu ya nini? nikamuuliza.

— Si juu ya miguu?

— Acha porojo! akadakia Karbureta, fundi magari. Injini ikikosa oili inakwanguka. Figo inafunguliwa, inapigwa msasa, inarudishwa.

— Msasa kwenye figo ya mtu? nikamuuliza.

— Ule laini!

— Wewe gari la mwalimu ulilirudisha, boliti zikabaki mfukoni.

— Na linatembea!

— Mimi naulaumu mkanda, Bomba akasema. Zege anajifunga kama gunia. Damu yote inabaki juu, ndiyo maana ana maneno mengi.

— Basi wamning'inize miguu juu, akasema Karbureta, damu iteremke yenyewe figoni!

Nilicheka mpaka kahawa ikanitokea puani. Ndipo mke wa Zege akafika mbio, simu mkononi, kandambili moja nyekundu, nyingine ya bluu.

— Shemeji zangu, daktari yuko hewani. Mimi nilikuwa kwa mama, nimerudi leo. Baba watoto hajielewi, hawezi kusema. Nyie mnashinda naye hapa. Mara ya mwisho alikwenda kukojoa lini?

Bomba akamtazama Karbureta. Karbureta akanitazama mimi. Timu ya mpira anayoshabikia Zege tunaijua, tunajua na anavyokoroma mchana akijiegesha hapa.

— Basi maji? Mlimwona akinywa maji, jana au juzi?

Kila mtu akawa na kazi na kikombe chake.

— Hatujui, shemeji, nikasema. Aibu ilinishika, jamani, nikatamani anitukane.

Hakunitukana. Aliirudisha simu sikioni.

— Hawajui, daktari.