Siku Orodha ya Damu Iliponyamaza

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu ulioegeshwa juu ya matofali, mbele ya duka la ushonaji la Sindano. Mimi nauza kahawa, nakaa upande wa jiko, na wenyewe wameniita Mama Moto. Wengine wanasema ni kwa ajili ya jiko, wengine wanasema ni kwa ajili ya mdomo. Asubuhi huwa tuko watatu wanne hivi. Yupo Gia, aliyeendesha malori miaka thelathini na hajawahi kukosa jibu la swali lolote. Yupo Posta, aliyekuwa karani wa masijala hospitalini hadi alipostaafu miezi minne iliyopita, mume wa dada yake Sindano. Na yupo Sindano mwenyewe, ambaye Jumatatu hiyo alifungua duka, akawasha taa, kisha akatoka kukaa nasi bila kugusa cherehani. Nilimmiminia kahawa. Akaishika tu.

— Shemeji, — akasema, — nijibu kitu kimoja. Wamejibu wangapi?

Posta akaitazama simu yake kwanza, ingawa jibu alilijua.

— Wawili.

— Kati ya tisini na wanne?

— Mmoja yuko masomoni ng'ambo. Mwingine ametoa damu juzijuzi, haruhusiwi kutoa tena sasa.

— Kwa hiyo hakuna.

— Hakuna, shemeji.

Lazima nieleze hapa. Binti wa kwanza wa Sindano alikuwa amelazwa na mimba ya miezi minane. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa pabaya, limeziba njia ya mtoto, na madaktari walipanga kumpasua Alhamisi. Walisema huenda akavuja damu nyingi, na damu yake ni O hasi, ile isiyokubali damu nyingine yoyote ila ya aina yake. Walitaka chupa nne ziwe tayari. Stoo ilikuwa na moja. Sindano alipima, haikufaa. Mkwewe alipima, haikufaa. Hata mimi nilipanga foleni, nikaambiwa asante mama, nenda nyumbani.

Tegemeo likawa orodha ya Posta. Alipokuwa masijala alikusanya anwani za barua pepe za watu wote wenye damu hiyo waliowahi kuchangia. Kuna programu maalumu: unaandika barua moja, unaituma kwenye anwani moja, na programu inaigawa kwa watu wote tisini na wanne. Kwa miaka tisa ilifanya kazi. Ukiandika asubuhi, mchana watu wako mlangoni wamekunja mikono ya mashati. Safari hii Posta aliandika Ijumaa, akaandika Jumamosi, akaandika Jumapili kwa maneno ya kusihi. Kimya.

— Hiyo orodha yako, — Sindano akasema, — ni ya watu au ya makaburi?

— Usiseme hivyo.

— Niseme vipi? Mwanangu ana siku tatu!

Gia akakohoa. Tukajua anaanza.

— Mimi nawaambia, watu wamechoka. Damu siyo maji. Umewakamua miaka tisa, Posta, sasa wameingia mitini.

— Tisini na wawili kwa pamoja? — nikamuuliza.

— Wamekubaliana! Wana kikao chao pembeni. Mgomo huo.

— Wachangia damu hawajuani, Gia, — Posta akasema. — Anayejua majina ni mimi peke yangu.

— Basi kuna mkono wa mtu. Kuna tajiri mahali fulani ana damu hiyohiyo, anaitaka yote iwe akiba yake. Amewafuata mmoja mmoja.

— Wewe umemwona?

— Tajiri wa namna hiyo haonekani. — Akanywa, akapata nguvu. — Au ni jua. Hizi barua si zinapita angani? Mwezi huu jua limekuwa kali kupita kiasi. Barua inapanda vizuri, ikifika juu inayeyuka. Unabaki unasubiri.

— Mbona ujumbe wa mkeo wa asubuhi hii wa kuulizia chumvi haujayeyuka? — nikamuuliza.

— Ule mfupi. Unapita haraka.

Siku nyingine tungecheka mpaka kahawa imwagike. Siku hiyo Sindano aliinama, akaweka viganja usoni.

Alikuwepo mteja mwingine amesimama karibu na jiko, mwanamke niliyekuwa simjui. Alikuja kuandika bango la duka la dawa lililokuwa likifunguliwa ng'ambo ya barabara. Mikono yake ilikuwa na rangi ya kijani hadi kwenye viwiko. Alikuwa akinywa taratibu na kutusikiliza, kama mgeni mwenye adabu.

— Samahani, baba, — akamwambia Posta. — Na wewe umo kwenye hiyo orodha?

— Nimo, kama msimamizi. Jina la kwanza kabisa.

— Sasa hizo barua tatu ulizotuma, wewe mwenyewe zilikufikia?

Gia akamtazama Posta, mimi nikamtazama Gia. Siku nne tulikuwa tumehukumu watu tisini na wanne kuwa hawana huruma, na hilo hakuna aliyeliuliza.

Posta akaanza kupekua simu kwa kidole kimoja, akishuka, akishuka tena.

— Hazimo, — akasema polepole. — Hata yangu mwenyewe haimo. Barua ya mwisho niliyopokea kutoka kwenye orodha ni ya mwezi mzima uliopita.

Akasimama, akavuka barabara kwenda kwake karibu mbio, mtu wa miaka sitini na moja mwenye goti bovu, akarudi na laptopu yake kifuani. Sindano alitoa meza ya kupigia pasi, tukaiweka kwenye kivuli. Yule mwandika mabango hakuondoka. Akavuta ndoo yake ya rangi, akaigeuza kiti.

Posta akaingia kwenye ukurasa wa msimamizi. Kwanza akatazama mahali programu inapohifadhi nakala.

— Barua zangu zote tatu zipo hapa. Kwa hiyo mtambo ulizipokea.

— Ukazila, — Gia akasema.

— Subiri.

Akafungua ukurasa wa wanachama. Majina yakajipanga kwenda chini, na pembeni ya kila jina kulikuwa na kisanduku kidogo. Kisanduku kikiwekwa alama, mwanachama huyo hatumiwi kitu. Posta akashuka na majina, akihesabu kwa midomo.

— Themanini na mmoja, — akasema. — Watu themanini na mmoja wamezimwa. Na mimi nimo.

— Nani amewazima? — Sindano akasimama. — Nitajie mtu!

— Programu yenyewe. Barua ikigonga kwa mtu ikarudishwa, programu inampa alama moja mbaya kwa siku. Zikifika tano inamzima, inadhani anwani yake imekufa. Lakini haiwezekani themanini na mmoja wafe kwa mpigo, na mimi nikiwemo nikiwa hai!

Akampigia simu dada wa kompyuta wa hospitalini, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

— Mzee wangu! — sauti ikasema. — Kustaafu kunasemaje?

— Mwanangu, nina shida kubwa. Orodha ya damu imezima watu. Mbona sikupata taarifa hata moja?

— Taarifa za msimamizi zinaenda anwani gani?

Posta akafumba macho.

— Ile ya kazini.

— Uliyoiacha tangu ulipostaafu.

— Hiyohiyo.

— Ngoja niifungue, haijafutwa. — Tukasikia vitufe vikigongwa. — Hee! Mzee, humu mna taarifa mia nne na kitu. Sasa niambie, mwezi uliopita kuna mwanachama aliyekuwa akiandika kila siku?

Posta akarudi kwenye nakala. Akazipata: asubuhi tano mfululizo, barua tano, zote za mtu mmoja, daktari wa mifugo wa huko mashambani. Akaisoma moja kwa sauti. «Asubuhi njema, ndugu zangu wa damu moja. Amkeni kwa afya. Ng'ombe wangu wote wazima.»

— Ndiye huyo, — dada akasema. — Usimlaumu, hana kosa. Ofisi yake imebadilisha masharti: barua yenye jina lao ikubaliwe tu kama imetoka kwenye mtambo wao. Yeye akiandika kwa orodha, programu yako inaichukua barua na kuigawa upya, lakini inaacha jina lake juu. Mitambo ya wanaopokea inaona jina ni la ofisi ile, mkono ni wa mwingine. Inadhani ni mghushi, inairudisha. Na programu inawapa alama mbaya waliotumiwa, siyo aliyeandika.

— Kwa hiyo salamu tano, — nikasema, — zimefunga watu themanini na mmoja?

— Ndiyo, mama. Na nasikitika kuwaambia, kila aliyezimwa alitumiwa onyo kwamba ajithibitishe. Wengi watakuwa walidhani ni matapeli, au limeangukia kwenye barua taka wasilione. Onyo la tatu likipita, programu inafuta jina kabisa. Naona hapa la tatu limeshatoka. Siku ya kufuta ni keshokutwa.

Sindano akashika ukingo wa meza ya pasi.

— Keshokutwa tungekuwa hatuna hata majina, — akasema.

— Lakini leo mnayo. Mzee, fanya mambo matatu. Kwanza, badilisha anwani ya msimamizi. Pili, nenda kwenye mipangilio ya mtumaji, chagua barua zitoke kwa jina la orodha, siyo la mwandishi. Hapo daktari wako atasalimia mpaka achoke. Tatu, ondoa zile alama.

Posta akafanya la kwanza. La pili lilimtoa jasho, kwa sababu alibonyeza mahali sipo mara mbili na kurudi mwanzo, lakini lilikubali. La tatu likawa kisanduku kwa kisanduku. Goti lilimuuma kusimama, Sindano akamletea kiti cha cherehani. Posta alisoma jina kimoyomoyo na kuondoa alama, na sisi tukahesabu kwa sauti: kumi, ishirini, thelathini na tano. Wateja wangu wawili walipita wakidhani tunacheza mchezo. Tulipofika themanini na moja, Gia akapiga makofi.

Kisha Posta akaandika. Mistari minne tu: mama mjamzito, O hasi, upasuaji Alhamisi, njooni kesho au leo. Akabonyeza.

Tukakaa. Yule mwandika mabango alikuwa akikwangua rangi kwenye kucha. Sindano alikuwa anaitazama simu ya Posta kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

Ikalia.

— Nani? — Sindano akauliza.

— Mimi. — Posta akaanza kucheka, machozi yakimlenga. — Ni barua yangu mwenyewe. Imenifikia!

Ikalia tena, kabla hajafuta macho. Akasoma: «Nakuja saa nane. Kwani mlikuwa wapi? Nilidhani hamnihitaji tena.»

Tena: «Mimi na dada yangu, kesho asubuhi. Mbona kimya kirefu hivi, mzee? Tulidhani umefariki.»

— Nipo! — Posta akaiambia simu. — Nipo bwana!

Hadi saa sita walikuwa kumi na wanne. Wa kumi na tano alikuwa daktari wa mifugo, na barua yake ilipita bila kurudishwa na mtu: «Nimepanda pikipiki sasa hivi. Ila ndugu zangu, mwezi uliopita niliwasalimu siku tano na hakuna aliyenijibu. Niliumia kidogo.»

Gia alicheka hadi akaporomoka kwenye benchi. Sindano hakucheka. Alimwendea shemeji yake, akamshika bega.

— Yale maneno ya makaburi, — akasema.

— Nimeshayasahau.

— Mimi sijayasahau. Nisamehe.

— Shemeji, hata mimi ningesema. — Posta akafunga laptopu. — Miezi minne anwani ya kazini imekaa bila kusomwa, nami niko hapa nakunywa kahawa. Ningemkosa huyu mama wa rangi, ningemwambia nini dada yako?

Tukageuka kumshukuru mama wa rangi. Alikuwa ameshavuka barabara na ndoo yake, yuko juu ya ngazi, anamalizia herufi.

Alhamisi sikuuza kahawa nyingi, maana kila aliyekuja aliuliza habari na mimi nilikuwa sina. Duka la Sindano lilifungwa. Posta alikuwa hospitalini na mkewe. Gia alikaa peke yake mwisho wa benchi akitazama njia ya hospitalini.

Ilipokaribia saa saba mchana tukamwona Sindano anakuja, anatembea katikati ya njia kama mtu asiyejua magari ni nini. Nikasimama na kijiko mkononi.

— Amevuja sana, — akasema kabla hajafika. — Wametumia chupa tatu. — Akafika, akajishikiza kwenye mlango wa duka lake. — Ameamka. Amenitambua. Ameniuliza kama nimekula.

— Na mtoto?

— Wa kike. Kilo mbili na robo. Ana sauti, Mama Moto! Tulimsikia tukiwa nje kwenye korido.

Nilipiga kigelegele mpaka watu wa duka la dawa wakatoka nje. Gia alimkumbatia, akamkalisha katikati ya benchi, nami nikammiminia kikombe kizima. Akanywa nusu. Alikuwa hajalala tangu Ijumaa ile ya barua ya kwanza.

— Sasa mimi nawaambia, — Gia akaanza, — hii damu ya O hasi, asili yake...

Nikamgusa mkono. Sindano alikuwa amelala, ameketi wima, mgongo ukutani, kikombe bado mkononi. Nilikichukua polepole kabla hakijamwagika. Gia akavua koti lake akamfunika magoti, na tukaanza kuwapungia mkono wapita njia wapunguze sauti.