Historia ya Sinyati Nathanael, Aliyerudisha Fomu ya Mdogo Wake

Baba Mchungaji, wazee wetu, na ninyi nyote mliofika hapa Sakina kutufuta machozi, familia inaomba mkae kitako msikie dada yetu alikotoka na alikopita.

Marehemu Sinyati Nathanael alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Ngaramtoni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita wa mzee Nathanael na mama Anna, akabatizwa katika Kanisa la Kilutheri, na alipokuwa msichana alichunga ndama wa baba huku amembeba mgongoni kitindamimba wa nyumba ile, Gadiel, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, sekondari 1983 hadi 1986, kisha akaenda chuo cha utumishi wa umma huko Tabora, na tarehe 2 Julai 1990 akaajiriwa na Halmashauri kuwa karani wa masjala, mpaka mwaka 2003 alipopandishwa kuwa Afisa Utumishi.

Hapo alikabidhiwa kazi ambayo wengi huikwepa, kusimamia tathmini ya utendaji wa watumishi, zile fomu za OPRAS ambazo wengi wetu tulizijaza mwezi Juni mbio mbio, na mkuu wa kazi akaweka alama bila hata kumtazama mtu usoni. Mwaka 2009 alipata fomu ya mhudumu wa zahanati aitwaye Maulida, aliyepewa alama ya chini kabisa kwa madai kwamba ni mvivu na taarifa zake huchelewa, akapanda pikipiki akaenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi la wagonjwa tangu asubuhi hadi alasiri, akakuta mama yule yuko peke yake, anapima watoto, anafunga vidonda, anachota maji, na taarifa anaziandikia nyumbani akishawalaza wanawe. Marehemu aliandika alichokiona, alama ikarekebishwa, Maulida akaruhusiwa kwenda masomoni, na leo ni muuguzi.

Jumamosi tarehe 17 Desemba 1994 alikuwa amefunga ndoa na shemeji yetu Solomoni, fundi magari wa hapa hapa Sakina, wakajaliwa watoto wawili, Tabitha na Daniel.

Sasa kuna jambo ambalo familia ilitaka lirukwe, lakini Gadiel ameomba lisomwe. Julai 2014, akiwa afisa ugani wa kata, alipewa alama za juu na mkuu wake, aliyetaka kumfurahisha Afisa Utumishi, ilhali wakulima walikuwa hawajamwona tangu mvua za masika, maana alikuwa akifanya biashara ya viazi Ngaramtoni. Marehemu aliirudisha fomu ile, akaomba ndugu yake apimwe upya na afisa wa idara nyingine, ukweli ukajulikana, na Gadiel akakosa kupanda cheo. Alimfuata dada yake nyumbani kwa mama, akamwambia mbele ya wazee, "Umeniuza, damu yako mwenyewe!" Marehemu akamjibu taratibu, "Gadi, hao wakulima waliokungoja nao wana dada zao."

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mama Anna alipofariki mwaka 2017, walisimama pande mbili za kaburi, na hakuna aliyevuka. Gadiel alikuwa amerudi mashambani, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa kuipenda kazi, hata mwaka 2019 akapanda cheo kwa alama zake mwenyewe, habari ambayo kiburi kilimzuia kwenda kumpa dada yake.

Novemba 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji, akaendelea na matibabu Moshi, Solomoni akimpeleka na kumrudisha, nywele zikapukutika, nguvu zikaisha. Gadiel alisikia yote hayo, lakini aibu ikamfunga miguu, mpaka Jumapili tarehe 9 Machi 2025 alipoingia chumbani kwa mgonjwa, akasahau maneno yote aliyoyapanga, akasema tu, "Shikamoo, dada." Marehemu akamjibu, "Marahaba, Gadi. Umechelewa kazini." Wakacheka, kisha wakalia, na miaka kumi na miezi minane ikaishia hapo.

Wakapewa siku kumi na tisa, ambazo Gadiel alikuwa akimtoa nje kila asubuhi aote jua, akimnywesha uji kijiko kwa kijiko, akimsimulia habari za mashamba, hadi Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, saa nne asubuhi, alipoaga dunia mikononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliolala nasi msibani, watumishi wenzake wa Halmashauri, na muuguzi Maulida, aliyeomba ruhusa kazini ili aje amwogeshe marehemu kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa.

Dada Sinyati, siku kumi na tisa hazikutosha. Pumzika, dada yangu, na Mungu akupe amani yake.