Mkate wa Jua na Kioo cha Mahrus

Wasikilizaji wapendwa, kama una chungu jikoni kipunguzie moto, uje ukae. Leo tunamkumbuka Mahrus Shazli wa Gurna, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mwongoza watalii. Mahrus Shazli. Alifariki akiwa na miaka sitini na miwili. Jana ilikuwa arobaini yake.

Nitasema jambo moja mapema, maana hapa hatuna kawaida ya kumpaka marehemu mafuta. Mahrus aliwatembeza watu wa dunia nzima kwenye mahekalu na makaburi ya kale kwa miaka thelathini na minne. Mkewe, Nabawiya, hakumtembeza. Hata mara moja. Nyumba yao iko mwendo wa robo saa kutoka kwenye makaburi hayo. Na Nabawiya alitaka sana kwenda.

Safari ya Mahrus ilikuwa fupi. Saa mbili tu, kwa wageni ambao meli yao inaondoka kabla ya chakula cha mchana. Sanamu mbili kubwa za kando ya barabara, hekalu moja, kaburi moja, basi. Wenzake walimtania.

"Mahrus, wageni wako wanarudi melini viatu havijashika vumbi!"

"Na wako wanarudi na vumbi tu," aliwajibu. "Wangu wanarudi wanakumbuka ukuta mmoja."

Ukuta huo uko katika kaburi la karani wa ghala za nafaka. Karani amechorwa amekaa na mkewe kwenye kiti kimoja. Mke amemwekea mume mkono begani. Mbele yao kuna meza imejaa mikate.

Mahrus aliupeleka mwanga mle ndani kwa njia ya zamani, kama baba yake aliyekuwa mlinzi wa makaburi. Alisimama nje mlangoni na kioo, akalidaka jua, akalirusha ndani. Ndani alikuwepo rafiki yake Bishara, mlinzi wa kaburi, ameshika ubao uliofunikwa karatasi ya kung'aa. Bishara aliupokea mwanga na kuugeuzia ukutani. Umeme uliwekwa zamani, lakini Mahrus hakuutaka, na hata nyumbani alirudia maneno yaleyale:

"Bishara, zima hiyo taa! Inawafanya wafu waonekane wagonjwa."

Kwa kuwa yeye alibaki nje, maelezo yote aliyatoa kwa kupiga kelele kutoka mlangoni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jua hilohilo Nabawiya naye alilihitaji. Yeye huoka mkate wa jua. Madonge ya unga hupangwa darini, kwenye paa la nyumba, juu ya sahani za udongo, yakaumuka kwa jua la asubuhi. Huwezi kuyaacha. Kuku wapo, njiwa wapo, upepo unatupa mchanga. Na saa ambayo jua linafaa kwa mkate ndiyo saa ambayo linaingia vizuri mlangoni mwa kaburi. Jua moja, kazi mbili. Hapo ndipo ndoa yao ilipokwama.

Siku moja, miaka minane iliyopita, meli ilichelewa. Mahrus akakimbia nyumbani, akaita kutoka chini.

"Mama Safaa! Vaa viatu, twende!"

"Madonge yako juani."

"Yatasubiri."

"Donge halisubiri, Baba Safaa. Mimi ndiye ninayesubiri, tangu siku ya posa."

"Basi kaa na madonge yako!"

Akaondoka. Wote wawili walikuwa wabishi. Yeye hakualika tena, na mkewe hakuomba tena. Miaka minane.

Binti yao, Safaa, ametuambia hivi: "Kila asubuhi mama akimaliza kupanga sahani alisimama akiangalia mlimani, kule kaburini. Kioo cha baba kikipata jua kilimetameta kidogo tu, halafu kikapotea. Mama husema, 'Haya, wameingia.' Kisha anafukuza kuku."

Mwaka huu daktari alimwambia Mahrus moyo umechoka, aache kazi. Alirudi nyumbani akaweka kioo mezani.

"Alhamisi naenda mara ya mwisho," alimwambia mkewe. "Nina mgeni mmoja tu."

"Wa wapi?"

"Wa hapahapa. Ana ulimi mkali. Sijui kama atakuja."

Safaa alikuwa mlangoni, aliona mama yake akijifunga kitambaa upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Alhamisi sikandi unga," Nabawiya akasema.

Mahrus alifariki Jumanne, kabla ya adhuhuri, ameketi kwenye baraza ya nyumba yake. Ilipofika Alhamisi, Nabawiya alikanda. Watu wa msiba lazima wale.

Wasikilizaji wapendwa, jana ilikuwa siku ya arobaini. Nabawiya alipanda darini asubuhi, akapanga sahani za mkate wa wageni. Akasimama, akaangalia mlimani. Siku arobaini mlima haukumetameta. Akashuka, akatoa kioo cha mumewe kwenye msumari kilipotundikwa.

"Safaa, twende."

"Na madonge, mama?"

"Yaache."

Bishara alipowaona wanapanda alivua kilemba, akakivaa tena.

"Karibu, shemeji."

"Nimekuja kumwona huyo mwanamke wa ukutani."

Bishara akawasha taa.

"Zima," Nabawiya akamwambia. "Inawafanya wafu waonekane wagonjwa."

Bishara aliizima, akakaa kidogo amewapa mgongo. Kisha akachukua ubao wake. Safaa alibaki nje na kioo. Mikono yake haikuzoea, mwanga ukaingia unatetemeka, ukapita dari, ukapita miguu ya karani, ukatulia kwa yule mke.

Nabawiya alitazama mkono ulio begani. Mwishowe akatazama meza.

"Mikate yake haijaumuka," akasema.

Bishara alicheka huku machozi yanamtoka. "Ndivyo alivyokuwa akisema!"

"Nani?"

"Nani tena? Mahrus! Kila kundi aliwapigia kelele kutoka pale mlangoni: 'Tazameni mikate! Haikuumuka! Huyu mama alikuwa na haraka ya kutembezwa. Mke wangu hana haraka, mkate wake unapanda hadi hapa!' Miaka yote, shemeji."

"Na wageni?"

"Walicheka."

"Na yeye alicheka?"

Bishara akafikiri. "Hilo sijui. Yeye alikuwa nje, mimi ndani. Uso wake sikuuona akisema. Nilikuwa naona mwanga wake tu."

"Basi tuko sawa," Nabawiya akasema. "Hata mimi nilikuwa naona huo tu."

Waliporudi nyumbani madonge yalikuwa yamefura na kumwagika nje ya sahani, na njiwa walishajihudumia. Nabawiya aliyaoka hivyohivyo. Ulikuwa mkate mchachu, umepinda, una alama za midomo ya njiwa. Waombolezaji waliula wote, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Mahrus Shazli wa Gurna. Miaka thelathini na minne kazini. Kwa Nabawiya, kwa Safaa, kwa Bishara na kwa waongoza watalii wote wa ng'ambo ya magharibi, kipindi hiki kinatoa pole. Mungu amrehemu, na alitie nuru kaburi lake kama yeye alivyoyatia nuru makaburi ya wengine.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini. Labda yupo mtu ndani ya nyumba yako unayemwambia siku nyingine, siku nyingine, na sababu yako ni nzuri kabisa. Sababu za Mahrus zilikuwa nzuri. Za Nabawiya pia. Kesho jua litatoka. Mwite huyo mtu, avae viatu, mwende. Mkate na uchachuke.