Makapeni Ishirini na Nne na Orodha ya Mashineni

Mgeni rasmi, Bwana Octavian, uliyetumwa na shirika la Rangi Zetu Sote. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Respicius. Mwenyekiti wa kitongoji. Walimu, wazazi wenzetu, na ninyi watoto mlioketi chini tangu saa mbili asubuhi, kwa salamu ya kwetu: mbukwenyi.

KARIBU MLALI

Sisi wazazi wa darasa la pili, Shule ya Msingi Mbugani Juu, tumefurahi kukuona. Uwanja huu tumeufagia mara tatu tangu alfajiri. Mara ya tatu ni kwa sababu wewe ulichelewa na upepo haukuchelewa. Ugali wa mtama na mlenda viko tayari, na soda zimelazwa kwenye maji tangu jana.

Risala hii inasomwa na Debora Ndahani. Tulimchagua kwa sababu alimaliza darasa la saba na mwandiko wake unasomeka. Kamati ilimpa sharti moja: risala ni ya wote, haina "mimi". Kwa hiyo humu ndani Debora atatajwa kwa jina kama mama mwingine yeyote, na mwanawe Silvano vilevile. Ukisikia sauti inatetemeka, hiyo ni ya msomaji. Maneno ni yetu.

HISTORIA FUPI

Kabla hamjatuletea makapeni, hizi kalamu nene za wino wa rangi, darasa la pili lilikuwa na boksi moja la kalamu za rangi, na humo ndani kalamu ya kumpaka mtu ilikuwa moja tu, kahawia. Watoto themanini na saba walipokezana kahawia hiyo mpaka ikabaki kipande cha kushikwa kwa kucha. Baba kahawia, bibi kahawia, ng'ombe kahawia, na nyumba pia, maana udongo wa huku nao ni huo huo. Hakuna aliyelalamika.

Silvano ana ualbino. Kila darasa lilipoambiwa, "Jichore wewe na familia yako," alimpaka mama yake kahawia, akampaka dada yake kahawia, akampaka na mbuzi. Akifika kwake mwenyewe, anajiacha kama karatasi ilivyo. Mwalimu akawa anaandika chini kwa wino mwekundu: "Hajamaliza." Daftari zima limejaa hivyo. Siku moja mtoto akamuuliza mama yake, "Mama, mwalimu anataka nimalizie na nini?" Debora akamwambia ale, chakula kinapoa.

Ndipo mwezi wa tatu mkaleta boksi lenye makapeni ishirini na nne ya rangi za ngozi za watu, kila moja na namba yake, kuanzia namba moja iliyo nyeupe kuliko zote hadi ishirini na nne iliyo nyeusi kuliko zote.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio ni mengi.

Kwanza, makapeni yote yako salama. Watoto wameyashika mara tatu: siku yalipoletwa, siku mpiga picha wenu alipokuja, na leo. Siku nyingine zote, isipokuwa mbili ambazo walimu waliyatumia kupima, yamekaa kwenye kabati la Mwalimu Mkuu, na ufunguo anatembea nao mfukoni. Hakuna hata moja lililokauka, wala lililoisha, wala lililochakaa ncha. Tunaomba uliandike hilo kwenye taarifa yako.

Pili, siku ile ya kwanza Silvano alichukua namba moja, akaongeza namba tatu kwenye masikio na mdomo, akaomba na njano ya boksi la zamani kwa ajili ya nywele. Akapata vema. Alirudi nyumbani anakimbia bila kofia, jua la saa saba, na kabla mama yake hajamgombeza kwa ajili ya kofia akapiga kelele tangu njiani: "Mama, leo nimemaliza!" Karatasi ile iko ukutani kwa Debora hadi leo, juu ya ndoo ya maji. Hapa hatutanii, mgeni rasmi. Kwa hilo tunasema ahsante, na tutaendelea kusema.

Tatu, tumepimwa. Ndani ya boksi mlikuwa mmeweka fomu ya safu tatu: jina la mtoto, umri, na namba ya rangi yake. Mlitaka kujua, tunavyoelewa, kama kila mtoto ameipata yake. Basi walimu wakawapanga watoto, mikono mbele, kapeni linasogezwa kwenye ngozi kama fundi anayetafuta uzi wa kushonea kiraka. Ilichukua siku mbili. Krina, binti wa mzee Madhu wa duka la vifaa, alitoka tisa kivulini na kumi na moja juani, akaandikwa mara mbili ili asionewe. Ndiyo maana darasa lina watoto themanini na saba na mistari themanini na minane.

Kulikuwa na malalamiko madogo. Mama mmoja alikuja na mtoto kapakwa mafuta mpaka viwiko vinang'aa, akasema, "Mwalimu, huyu jana mlimpima katoka kuswaga ng'ombe. Mmepima vumbi. Rudieni." Wakarudia. Akashuka kwa namba tatu.

Fomu yenu ilikuwa na safu tatu. Mwalimu Respicius ni mtu wa utaratibu, na sisi tunamheshimu kwa hilo. Akasema orodha isiyo na kitongoji ni barua ya mapenzi, haifai kwenye faili. Akaongeza safu ya kitongoji, safu ya jina la mzazi, na safu ya namba ya simu, kama ilivyo kwenye orodha ya chanjo, ya michango na ya mbegu. Halafu akaipanga yote kwa rangi, kuanzia namba moja. Mstari wa kwanza kabisa ukawa huu: Silvano Ndahani, miaka minane, rangi namba moja, kitongoji cha Chang'ombe Chini, mzazi Debora, na simu yake.

Na kwa kuwa wazazi huwa hatuji shuleni kusoma matangazo, orodha ikabandikwa sehemu tatu ili mafanikio yaonekane: ubao wa shule hapo barabarani, ofisi ya kijiji, na mlango wa mashine ya kusaga.

CHANGAMOTO

Mwalimu Mkuu aliipitia risala hii jana, akashauri habari ya orodha ikae chini ya Mafanikio. Tumemtii, imeanzia huko. Inaishia huku.

Changamoto ndogo ni kwamba watoto wameacha kuitana majina. "We kumi na tisa, nipe mpira." "Toka hapa, na wewe ishirini na mbili unajifanya nani?" Wanapanga foleni ya uji kwa namba, wa namba kubwa nyuma. Hakuna aliyewafundisha. Wamesoma tu mlangoni.

Changamoto kubwa ni ya Jumamosi ya mnada, wiki tatu zilizopita.

Siku hiyo alifika mashineni mtu mwenye pikipiki ambaye hakuna anayemjua, hana mahindi wala mtama wa kusaga. Akasimama mbele ya orodha. Filipo, anayeendesha mashine, ndiye aliyetusimulia, na Debora alikwenda kumuuliza mwenyewe.

"Shemeji, yule mgeni aliuliza kwa adabu kabisa," Filipo akasema. "Alisema hakuja na miwani. Akaniomba nimsomee mstari wa kwanza."

"Ukamsomea?"

"Si imeandikwa? Ningemkatalia vipi kitu kilichobandikwa mlangoni kwangu?"

"Na njia ya kwangu, nayo imeandikwa?"

Filipo akapangusa unga mikononi. "Hiyo alinogewa tu na mazungumzo, nami nikanogewa."

Mtu yule alifika kwa Debora saa tisa. Akaomba maji, akapewa. Akasifu nyumba. Akauliza watoto wako wapi, na yule mdogo huwa anarudi saa ngapi, na huwa anapita njia ya korongoni au ya juu. Debora akamwambia mtoto yuko Kondoa kwa shangazi yake, wakati mtoto yuko chumbani, nyuma ya pazia, hatua nne kutoka pale kikombe kilipokuwa. Mtu akarudisha kikombe, akashukuru, akaondoka. Hakuchukua kitu.

Debora akaenda kwa mwenyekiti wetu wa kitongoji, ambaye yuko hapa na anatikisa kichwa kwamba ni kweli.

"Sasa mama Silvano, alikutukana?"

"Hapana."

"Alikugusa?"

"Hapana."

"Si alikunywa maji tu? Nikaandike nini, kwamba mtu alikuwa na kiu?"

Akaja kwa Mwalimu Mkuu. "Shikamoo mwalimu. Naomba mstari wa mwanangu utolewe kwenye orodha."

"Marahaba. Mama, tukimtoa huyo peke yake, hatutakuwa tumembagua? Huu mradi ni wa kumjumuisha kila mtoto."

"Basi toa orodha yote."

"Mgeni rasmi anakuja kuiona! Na mstari wa kwanza ukikosekana, si ataniuliza namba moja iko wapi?"

Mgeni rasmi, hatusemi Mwalimu Respicius ni mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemruhusu Silvano kuvaa kofia darasani na kukaa dawati la mbele karibu na ubao, bila kuombwa. Hajawahi tu kuogopa orodha. Aliyezoea kuandika majina ya watoto wa wenzake haoni jina linavyotembea likishatoka kwenye faili. Sisi wengine nasi tulipita mashineni na ndoo zetu kichwani, tukatafuta namba za watoto wetu, tukacheka, tukaenda zetu. Kati ya mama wote, Debora peke yake ndiye aliyesoma safu ya kitongoji. Tulimwambia ana wasiwasi sana. Baada ya pikipiki, hatukumwambia tena.

Tangu Jumamosi hiyo anamleta Silvano asubuhi na kumrudisha mchana. Katikati anakaa hapo nje ya dirisha la darasa la pili na sinia la karanga. Wengi mnadhani ni biashara. Alizeti yake imemalizwa na ndege shambani, hana wa kuwafukuza. Na Silvano anaulizwa na wenzake kwa nini mama yake anasoma darasa la pili kwa nje.

Tunaonya kwa heshima zote: zipo shule nyingine mtakazopeleka maboksi haya, na kila shule ina mwalimu mwenye utaratibu, ukuta na gundi.

MAOMBI

Tunaomba makapeni yatoke kabatini. Yaishe. Kapeni lililokwisha limempaka mtoto fulani, na hilo ndilo mlilolileta lifanye.

Tunaomba fomu yenu isiwe na namba ya mtoto yeyote. Muulize tu kama amemaliza picha yake. Atakujibu.

Ombi la mwisho linahusu orodha yenyewe. Ratiba inasema ukitoka hapa utakwenda kukata utepe pale kwenye ubao wa barabarani, na utapigwa picha mbele ya orodha. Tumekuachia nafasi. Chini ya mtoto wa mwisho tumeongeza mstari wa themanini na tisa. Kamati ilikutazama tangu uliposhuka kwenye gari, na imegawanyika kati ya kumi na nne na kumi na tano, kwa hiyo tutaomba mkono wako kidogo. Kisha utajaza mwenyewe jina lako, mtaa unaoishi, nani yuko nyumbani, na watoto wako huwa wanarudi saa ngapi na kwa njia ipi. Kalamu imefungwa kwa uzi pale pale. Leo ni siku ya mnada, na barabara ina watu wengi.

Ukiona mkono unasita kuandika, mgeni rasmi, usiulazimishe. Uache upande juu mpaka kwenye pembe ya karatasi, uibandue. Haijashikwa na misumari, ni gundi ya uji wa unga. Nyingine mbili, za ofisi ya kijiji na ya mashineni, tutakusindikiza sote, na Filipo ameshaandaa kisu.

SHUKRANI

Tunashukuru kwa makapeni, kwa safari ndefu, na kwa kutusikiliza juani bila kuangalia saa zaidi ya mara mbili. Mwenyezi Mungu akubariki, awabariki waliokutuma, na akufikishe salama nyumbani kwako, ambako sisi hatupajui, na hatuna haja ya kupajua.

Ni sisi,
Wazazi wa Darasa la Pili,
Shule ya Msingi Mbugani Juu, Mlali.